Ufunguo umepotea na mlango umefungwa: mtaimbo uache kwanza

Swali limetoka kwa mama mmoja anaekaa Mpendae hapa Unguja, nalifupisha: "Assalaam alaykum fundi. Nimepoteza ufunguo wa mlango wa mbele, nadhani kwenye daladala wakati natoka Darajani. Ulikuwa mmoja tu, wa pili mpangaji wa mwanzo hakuurejesha. Mlango umefungwa, ndani tunapita mlango wa uani. Kitasa ni kile cha ufunguo mrefu wenye jino. Kijana wa mtaani kaja kaangalia kasema hapa hapana njia ila kuvunja tununue kitasa kipya na pengine mlango. Mume wangu kasafiri na nyumba si yetu. Nivunje, nichonge ufunguo au nibadilishe kitasa chote?"

Waalaykum salaam mwanangu. Huyo kijana mpe chai, mshukuru, mwambie mtaimbo wake aende nao. Mlango unaoweza kuusogelea kwa ndani hauvunjwi hata siku moja, na nyie ndani mnaingia, kwa hivyo robo tatu ya kazi ishakwisha na hujajua tu.

Lakini kabla sijakwambia habari za bisbisi nataka nikuulize, huo ufunguo ulipotea peke yake au ulipotea na kitu chengine? Maana hapo ndo pana jawabu ya swali lako, sio kwenye kitasa. Kama ulikuwa peke yake kwenye kamba, umeanguka daladalani, aliyeuokota hajui wa mlango wa nani, mji mzima huu atajaribu mlango gani? Ila kama ulikuwa ndani ya pochi na kitambulisho, au risiti ya umeme ina jina, au (hii nimeiona kwa macho yangu) ufunguo una kibandiko kimeandikwa kwa kalamu "mlango wa mbele" na namba ya simu ya mwenyewe, basi hapo usiniulize habari ya kuchonga, badilisha na badilisha leo. Na wewe una la zaidi, ule ufunguo wa pili. Mpangaji wa mwanzo kaondoka nao. Simtuhumu mtu, pengine uko ndani ya kikopo cha vifungo kwao hata mwenyewe hakumbuki, lakini nyumba ambayo ufunguo wake mmoja uko barabarani na wa pili uko kwa mtu usiemjua hiyo nyumba imefungwa kwa jina tu. Mie ningekuwa wewe ningebadilisha.

Na kabla hujatoa hata senti tano hebu kautafute tena, na mkoba wako usiufungue tu, uutie mkono ndani uutafute ule mchaniko wa kitambaa cha ndani. Sijui kwa nini mikoba yote ya kinamama huchanika pale pale pembeni. Nshaitwa mara mbili kwenye kazi kama hii nikafika mlangoni na begi la zana, bi mkubwa kauinua mkoba kautikisa, tunasikia kengele kule chini.

Haya, haukuonekana. Sasa mlango.

Kitasa chako cha ufunguo wa jino kimezama ndani ya ubao na kimeshikwa na skrubu mbili kwenye ukingo wa mlango, ule upande mwembamba unaogusana na fremu. Mlango ukiwa wazi kukitoa ni kazi ya dakika kumi. Mlango ukiwa umefungwa zile skrubu zimejificha baina ya mlango na fremu, huzioni wala huzigusi, na ndo maana yule kijana akaona hapana njia. Watu wote wanaangalia kwenye kitasa. Wewe geuka uangalie upande wa pili, kwenye bawaba.

Milango yetu mingi ya mbele inafunguka kwa ndani, kwa hivyo bawaba ziko ndani, na wewe uko ndani. Angalia ile bomba ya bawaba, kama juu yake pana kichwa kidogo mfano wa kichwa cha msumari basi katikati pana pini inayochomoka. Chukua msumari mnene wa inchi nne, uweke chini ya ile pini uelekee juu, gonga kwa nyundo taratibu. Itaanza kupanda. Ikiwa na kutu, na hapa kwetu itakuwa na kutu, itilie mafuta ya kulainisha kutu uiache robo saa ule embe lako kisha urudi. Anza na bawaba ya chini, halafu ya kati, ya juu iwe ya mwisho, na usigonge hii ya mwisho mpaka uwe na mtu mwengine kashika mlango, maana mlango wa mninga au mfenesi mzito na haukuulizi kama uko tayari. Pini zikishatoka zote ingiza bisbisi pana kwenye ule upenyo wa upande wa bawaba, uvute mlango kuja kwako kidogo kidogo. Utatoka upande wa bawaba, ulimi wa kitasa nao utajivuta wenyewe kutoka kwenye tundu lake kule fremuni. Mlango umeutegemeza ukutani, hakuna hata mkwaruzo, na jirani hajasikia kitu zaidi ya nyundo mbili tatu.

Kama bawaba zako ni zile pini yake imefumwa huku na huku haichomoki, usiipigane nayo. Hapo muite mchonga funguo aje na mabati yake ya funguo. Kitasa cha vibati viwili au vitatu, yaani vile vijibati vyembamba ndani ambavyo ufunguo unavinyanyua ndo ulimi utembee, fundi mzoefu anakifungua bila ya kukitoboa, wana ule ufunguo wao wanaouita ufunguo malaya, mtanisamehe kwa jina, silo langu. Hicho kitu kukufungulia ni faraja na papo hapo kikutie hofu kidogo, maana kama yeye kafungua kwa dakika tano basi na mwengine anaweza. Vibati vikiwa vichache, funguo zinazotafautiana nazo zinakuwa chache, ndo utakuta ufunguo wa chumba chako unafungua na stoo ya jirani. Kwa mlango wa nje tafuta cha vibati vitano, ndo kiwango cha chini ambacho hata kipimo cha Waingereza cha BS 3621 kinakitaka kwa vitasa vya aina hii.

Na ukimwita mtu akufungulie, awe mjumbe wako yupo au umpigie sheha, au angalau jirani asimame pale. Fundi mwenye akili zake mwenyewe atakuuliza, mie siku hizi sifungui mlango wa mtu nisiemjua bila ya shahidi, hata akilia. Mara moja nimefungulia kijana kwa huruma, kumbe nyumba ya shemegi yake na wamegombana. Ile siku niliondoka na viatu mkononi.

Mlango umetoka, sasa kitasa. Toa skrubu za mikono ya mlango kwanza, vuta mikono yote miwili pamoja na kile chuma cha mraba kinachopita katikati, halafu toa zile skrubu mbili za ukingoni. Kitasa hakitotoka, kimeganda na rangi za miaka. Pitisha ncha ya kisu kuzunguka bamba lake uikate rangi, rudisha kile chuma cha mraba kwenye tundu lake kikae kama mpini, ukishike huku na huku ukivute kuelekea ukingoni. Kinatoka chote, sanduku la bati.

HAPA NDO NATAKA UNISIKILIZE. Usende dukani mikono mitupu. Watu wanakwenda Darajani au Mwanakwerekwe wanasema "nipe kitasa cha mlango wa mbele", wanapewa, wanarudi, hakiingii au kinaingia kinacheza. Siku za mwanzo za ufundi wangu nilifanya hivyo hivyo kwenye nyumba moja Kiponda, nimenunua kitasa kizuri kinang'ara, nimefika kirefu kuliko shimo, nikasema si kitu nachimba kidogo. Nikachukua patasi. Ubao wa pale ulikuwa umebaki mwembamba kuliko nilivyodhani, pigo la tatu patasi ikatokeza upande wa pili, katikati ya ubao uliopakwa vanishi siku ileile. Mwenye nyumba alikuwa kakaa kwenye baraza ananitazama. Hakusema neno, alinyanyuka tu akaja akatia kidole chake kwenye lile tundu. Nimekaa siku mbili naziba kwa kipande cha mfenesi nakitafutia rangi ifanane, na malipo sikuthubutu kuyataja.

Kwa hivyo kichukue kitasa chako cha zamani ukitie kwenye mfuko wende nacho. Ukishindwa kwenda nacho basi chukua tepu upime milimita. Pima kutoka ukingo wa mlango mpaka katikati ya tundu la ufunguo. Pima kutoka katikati ya kile chuma cha mkono mpaka katikati ya tundu la ufunguo. Pima urefu na upana wa bamba la ukingoni, pima sanduku limezama kiasi gani, na unene wa mlango. Vile vya mtindo wa Kiingereza mara nyingi vinakuja kina cha inchi mbili na nusu au inchi tatu, cha mbili na nusu tundu lake la ufunguo liko milimita 44 kutoka ukingoni na cha tatu liko milimita 57, na kutoka mkono mpaka tundu la ufunguo ni kama 57 vyote viwili. Vile vya silinda vya mtindo wa Ulaya masafa hayo ni 72 au 85. Sasa ukiona 57 kwenye mlango wako na muuzaji anakupa cha 72 anakwambia "kinaingia hichi dada", kinaingia kwelikweli, ila mlango utakuwa na matundu manne kama filimbi.

Ukifika dukani chukua na sumaku, hata ile ya kwenye friji. Kitasa wanachokwambia cha shaba, ukiigusisha sumaku ikanasa, hicho ni chuma kimepakwa rangi ya shaba, na kwa chumvi ya hewa yetu hii, khasa nyie mnaokaa karibu na pwani, kusi moja na kaskazi moja kishaanza kutoa machozi mekundu mlangoni. Jengine, angalia namba zilizogongwa kwenye funguo. Vitasa vya bei rahisi kwenye boksi moja utakuta viwili vitatu vina namba sawa, maana yake ufunguo mmoja, na kama mwenye duka kamuuzia na jirani yako basi mmekuwa nyumba moja.

Uliniuliza kuhusu kuchonga. Inawezekana na ni rahisi kuliko wanavyodhani wengi, kitasa cha aina yako ukishakitoa unampelekea mchonga funguo, anafungua kifuniko cha lile sanduku, anaviona vile vibati, anakata ufunguo mpya kuvifuata bila ya kuuona wa zamani. Ila ule uliopotea nao bado unafungua, si umeona? Ndo pale nakwambia muulize kama anaweza kuvibadilisha vibati au kuvipanga upya, baadhi ya vitasa vinakubali na vyengine havikubali, vikikubali basi umepata kitasa kipya ndani ya bati la zamani na lile shimo la mlangoni hulichokozi. Kama kitasa chako kizito cha zamani bado hakijalika, mie ningekwenda na njia hii kabla ya kununua kile chepesi cha kisasa.

Kukirudisha hakuna hadithi. Tia sanduku, usikaze skrubu, jaribu ufunguo mara kumi MLANGO UKIWA WAZI, kisha kaza, jaribu tena. Ukikaza na ufunguo ukawa mzito umekaza kupita kiasi, legeza. Yule ulimi mdogo wenye mteremko lazima mteremko wake uielekee fremu wakati mlango unafungwa, kama umekuja kinyume vitasa vingi unauchomoa unaugeuza, usirudi dukani kugombana. Kisha lile bamba la kwenye fremu, ambalo watu wanalidharau, ndo linalopokea teke la mwizi. Mafundi wanalifunga na skrubu za nusu inchi, zile za kwenye pakiti. Zitupe. Tia za inchi tatu zipite fremu zishike mpaka ukutani. Kitasa cha bei mbaya kwenye skrubu za nusu inchi ni pambo.

Niseme kidogo kwa wengine wenye vile vitasa vya silinda, ufunguo mdogo bapa wenye meno, maana najua mnasoma. Nyie hali yenu ni nyengine. Mlango ukiwa wazi na ufunguo upo mkononi ni rahisi kuliko kila kitu, mnatoa ile skrubu moja ndefu ya ukingoni usawa wa silinda, mnatia ufunguo mnaugeuza kidogo mpaka kile kidole cha silinda kijifiche, silinda inateleza inatoka, mnanunua silinda peke yake. Bila ya ufunguo kile kidole kimekaa pembeni kinazuia, silinda haitoki, na kwa sababu silinda imepita katikati ya sanduku basi na sanduku nalo halitoki. Kama kwa ndani ina kile kipini cha kugeuza kwa mkono mmeokoka, geuzeni hicho. Kama haina, fundi ataitoboa silinda, na silinda itakufa ila kitasa na mlango vitabaki. Silinda mpya ipimwe kutoka katikati ya tundu la skrubu kwenda kila upande, 30 na 30, 35 na 35, au pande zisizolingana, na kwa nje isichomoze zaidi ya milimita mbili tatu kwenye bamba, ikichomoza inashikwa na plaizi inavunjwa pale pale inapopita skrubu, ndo pahala pake dhaifu.

Na wenye milango ya kuchonga kule Mji Mkongwe, wallahi nakuombeni, msiitoboe kutia vitasa vya kisasa. Milango ile imetengenezwa kwa komeo la ndani na mnyororo na kufuli, ufunguo wa kufuli ukipotea mnakata kufuli mnanunua jengine, mlango haujui hata kama pana kitu kimetokea. Mji ule uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na pana mamlaka inayousimamia, waulizeni kabla ya kuugusa.

Turudi kwako. Mwenye nyumba mpigie kabla, sio baada. Mwambie ufunguo umepotea na ule wa pili haukurudi, na hapo yeye ndo mwenye deni la nusu ya lawama, maana alitakiwa abadilishe alipotoka mpangaji wa mwanzo. Wengine wanakubali mkate kwenye kodi, wengine hawataki kusikia. Ikiwa unalipa wewe, kitasa cha zamani usikitupe, kifunge kwenye kitambaa na skrubu zake, siku ya kuhama unarudisha chake unaondoka na chako. Na umpe ufunguo mmoja kama makubaliano yenu ndo hayo, aweke saini kapokea.

Masika yakija mlango utavimba na ufunguo utakuwa mzito, usiseme fundi kaniibia. Fungua mlango uzungushe ufunguo ukiwa wazi, ukizunguka mwepesi kitasa hakina kosa, ni mbao imevimba au bawaba imeshuka. Usitie mafuta ya nazi. Kila nyumba nnayokwenda wametia mafuta ya nazi, yanakaa wiki mbili yanakuwa gundi yananasa vumbi, nafungua sanduku natoa uji mweusi. Chukua penseli ya mtoto wa skuli, paka ncha yake kwenye jino la ufunguo mpaka liwe jeusi, tia, zungusha, toa, paka tena.

Funguo ukipata, chonga za ziada siku hiyo hiyo kutoka kwenye ule wa asili, sio nakala ya nakala. Mmoja kwa mama yako au wifi yako unaemuamini, sio chini ya chungu cha mrihani, huko kila mtu anatafuta. Usiupige picha ukamtumia mumeo WhatsApp umuoneshe, picha nzuri ya ufunguo inatosha kuchongea ufunguo. Na mwanao anaerudi skuli saa saba umfungie wake kwa kamba ndani ya begi, kwenye ile zipu ndogo, bila ya jina na bila ya kibandiko.

Ukishakitoa kitasa kikupe tabu, kipime nilivyokwambia uniandikie hivyo vipimo vyote, ntakwambia utafute kipi.